Nyimbo 24, dola 1,920,000: historia ya kesi za waliopakua muziki bure

Juni 2009, mahakama moja ya shirikisho mjini Minneapolis, Marekani, ilitoa hukumu iliyowaacha watu midomo wazi. Jopo la raia lilisema mama mmoja wa jimbo la Minnesota azilipe kampuni za muziki dola 1,920,000. Alikuwa amefanya nini? Aliweka nyimbo 24 kwenye kompyuta kwa namna ambayo watu wengine wangeweza kuzichukua bure. Piga hesabu: ni dola 80,000 kwa wimbo mmoja. Wakati huo wimbo huohuo ukiununua mtandaoni kihalali ulikuwa karibu dola moja.

Unaweza kucheka, au ukasema Wamarekani wana mambo yao. Lakini mama huyu hakuwa peke yake. Kati ya 2003 na 2008, watu wapatao 35,000 walishtakiwa au kutishiwa kushtakiwa kwa kosa la aina hiyo, wakiwemo wanafunzi, wazazi, vibibi na hata marehemu. Kuelewa tulifikaje hapo kunahitaji fizikia ya sauti kidogo, uhandisi wa mitandao kidogo, na sheria kiasi. Twende taratibu.

Kwanza, wimbo ulipungua uzito

CD ya kawaida hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na kuna njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Zidisha: 44,100 × 16 × 2 = biti 1,411,200 kwa kila sekunde moja ya muziki. Wimbo wa dakika nne basi unafika kama megabaiti 42. Miaka ya 1990 watu wengi waliingia intaneti kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, tena hiyo ni siku ikiwa na hali nzuri. Kuvuta wimbo mmoja kungechukua zaidi ya saa moja na nusu. Nani ana muda huo?

Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walitumia udhaifu wa sikio la binadamu. Ukiwa ndani ya daladala na injini inanguruma, jirani yako akinong'ona humsikii. Sauti yake ipo hewani, ila ubongo wako haupati habari. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo. Sasa kama sikio halisikii, ya nini kuihifadhi? Programu inatupa vile ambavyo sikio lingevikosa tu, inabakiza vinavyosikika. Ndiyo MP3 hiyo. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, wimbo wetu wa megabaiti 42 unabaki chini ya megabaiti 4, na ile modemu inaumaliza kwa dakika tisa hivi. Mwaka 1995 mafaili hayo yakapewa rasmi kiishio cha ".mp3".

Dakika tisa mtu anaweza kuvumilia. Kilichokosekana ni kujua nani ana wimbo gani.

Napster: dalali wa nyimbo

Mwaka 1999 kijana wa miaka 18 aliyekuwa akisoma Northeastern University, Boston, kwa jina Shawn Fanning, alitoa programu iitwayo Napster. Ukitaka kuielewa, mfikirie dalali wa vyumba. Dalali hana nyumba hata moja, ila anajua nani ana chumba wapi. Seva za Napster hazikuwa na nyimbo. Zilikuwa na orodha tu: wimbo fulani uko kwenye kompyuta ya fulani. Ukishaonyeshwa, unaenda kuuchukua mwenyewe moja kwa moja kwa huyo mtu.

Ndani ya mwaka na kitu ilikuwa na watumiaji makumi ya mamilioni, na vyuo vikuu vilianza kulalamika kwamba mitandao yao imejaa nyimbo. Desemba 1999 chama cha kampuni za muziki za Marekani, RIAA, kikaratibu kesi dhidi ya Napster. Aprili 2000 bendi ya Metallica nayo ikafungua ya kwake. Na hapa ndipo udhaifu wa dalali ulipoonekana: ukifunga ofisi yake, biashara imekwisha. Jaji Marilyn Hall Patel aliamua dhidi ya Napster, mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kwa sehemu kubwa Februari 2001, na Julai 2001 seva zikazimwa.

Kampuni zilishangilia. Kumbe wahandisi nao walikuwa wakisoma hukumu hiyo, na somo walilolipata ni kwamba ofisi ya katikati ndiyo inayokamatwa.

Kazaa: wajumbe wa nyumba kumi

Mwaka 2001 ilikuja Kazaa, ya Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, ikiandikwa na vijana wa Estonia. Hii haikuwa na orodha moja mahali pamoja. Baadhi ya kompyuta za watumiaji wenyewe, zile zenye nguvu na intaneti nzuri, zilibebeshwa kazi ya kujua majirani zao wana nini. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi: hajui mji mzima, ila anajua wa kwake, na akishindwa anamuuliza mjumbe mwenzake. Mjumbe mmoja akihama, anateuliwa mwingine. Utazima ipi?

Kampuni zilijaribu tena njia ya zamani, yaani kushtaki watengenezaji wa programu. Aprili 2003 zikashindwa. Jaji Stephen Wilson wa Los Angeles alisema Grokster na StreamCast, waliokuwa na programu za aina hiyohiyo, hawawajibiki kwa yale watumiaji wanayofanya. Aliegemea hukumu ya 1984 ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani kuhusu mashine za kurekodi video za Sony: kifaa chenye matumizi halali hakiwi haramu kwa sababu tu wapo wanaokitumia vibaya. (Mwaka 2005 Mahakama Kuu Kabisa ilikuja kusema kampuni inayochochea wizi waziwazi inawajibika. Lakini hiyo ilikuwa miaka miwili mbele.)

Basi 2003 mambo yalikuwa hivi: programu haikamatiki, mtengenezaji kaachiwa. Aliyebaki ni mtumiaji.

Septemba 8, 2003

Siku hiyo kampuni kubwa za muziki zilifungua kesi 261 kwa mpigo. Mmoja wa waliofuatwa alikuwa binti wa miaka 12 wa New York. Familia yake ilimalizana nao siku iliyofuata kwa dola 2,000. Magazeti yakapata habari ya wiki.

Walipatikanaje? Kazi hiyo ilifanywa na kampuni za uchunguzi, maarufu zaidi ikiwa MediaSentry. Mchunguzi alifungua Kazaa kama mtu mwingine yeyote, akatafuta wimbo, akaona nani anao, akafungua folda anayoigawa, akapiga picha ya orodha na kupakua nyimbo chache kama ushahidi. Kisha akaandika tarehe, saa, na anwani ya IP.

Hapa tusimame kidogo, maana ndo kiini cha mambo. Anwani ya IP ya wakati huo ni namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. Kampuni ya intaneti ina fungu la namba hizo na huwakopesha wateja. Leo unayo hii, kesho inaweza kuwa ya jirani. Kwa hiyo anwani bila saa kamili haina maana. Na ukiwa na saa kamili, daftari la kampuni litakuambia kitu kimoja tu: akaunti ipi ilikuwa na namba ile wakati ule.

Fikiria mita ya umeme. Mita inasema nyumba hii imetumia uniti kadhaa jana usiku. Haisemi nani alikuwa anapiga pasi. Anwani ya IP ni hivyohivyo: inakupeleka kwa anayelipa bili. Aliyekaa kwenye kiti anaweza kuwa mtoto, mpangaji, mgeni, au jirani anayevuta Wi-Fi isiyo na nywila.

Matokeo yake yalikuwa vituko na machozi. Bibi mmoja wa Massachusetts alishtakiwa kwa kutumia Kazaa wakati kompyuta yake ilikuwa Macintosh, ambayo Kazaa haikufanya kazi juu yake kabisa, kesi ikaondolewa. Mwaka 2005 ikafunguliwa kesi dhidi ya bibi wa miaka 83 wa West Virginia aliyekuwa ameshafariki. Mama mmoja wa Oklahoma alikataa kulipa kwa kosa asilolitenda, akapigana, na 2007 mahakama ikaamuru kampuni zimlipe zaidi ya dola 68,000 za gharama za wakili.

Kuna jambo la utaratibu pia. Mwanzoni RIAA walipata majina ya wateja kwa hati iliyotolewa na karani wa mahakama, bila jaji kupima ushahidi. Kampuni ya Verizon iligoma, na Desemba 2003 mahakama ya rufaa ya Washington ikakubali hoja yake: njia ile ya mkato haikuihusu kampuni inayopitisha tu data za wateja. RIAA hawakuacha. Januari 2004 wakashtaki watu 532 wasiojulikana majina, yaani "Fulani" 532, kisha wakaomba jaji aamuru majina yatolewe. Njia ndefu zaidi, ila ilipita.

Kwa nini wengi walilipa kimyakimya

Sheria ya hakimiliki ya Marekani inampa mdai uchaguzi. Anaweza kuthibitisha hasara aliyopata, au aombe fidia iliyopangwa na sheria yenyewe, bila kuonyesha hasara yoyote. Kiwango hicho ni kuanzia dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na kikifika makusudi ni hadi 150,000. Viwango hivyo viliongezwa Desemba 1999, mwezi uleule Napster iliposhtakiwa.

Wazo lenyewe si baya. Mtu anayechapa maelfu ya nakala za kitabu chako kwa siri hatakupa hesabu zake, kwa hiyo sheria inakusaidia. Tatizo ni kwamba kipimo kilekile kilishushwa juu ya mwanafunzi chumbani kwake. Mwenye nyimbo 1,000 kwenye folda, hata kwa kima cha chini kabisa, anakabiliwa na dola 750,000.

Kisha inakuja barua: lipa dola 3,000 hadi 5,000 tumalizane. Wakili wa kukutetea atakula zaidi ya hizo kabla hata kesi haijasikilizwa. Mwaka 2007 barua zikaanza kupelekwa kwa wanafunzi kupitia vyuo vyao, na kukawekwa tovuti ya kulipia kwa kadi ya benki. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Hata ambaye hana kosa anapiga hesabu na kuona kulipa ni nafuu. Mfumo ambao asiye na hatia na mwenye hatia wanapewa bei ileile una kasoro, hata kama kila hatua yake ni halali.

Wawili waliokataa

Kati ya maelfu yote hayo, kesi mbili tu ndizo zilizofika mbele ya jopo na kuvuma dunia nzima.

Ya kwanza ni ya yule mama wa Minnesota. Tuseme ukweli: ushahidi dhidi yake haukuwa mwepesi. Folda ilikuwa na nyimbo zaidi ya 1,700, jina lililotumika Kazaa lilikuwa lilelile alilolitumia kwingine kwa miaka, na diski ya kompyuta yake ilikuwa imebadilishwa. Kampuni zikachagua nyimbo 24 za kumshtakia. Oktoba 2007 jopo likasema dola 222,000. Jaji Michael Davis akafuta uamuzi huo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewaelekeza vibaya: aliwaambia kwamba kuweka wimbo mahali unapopatikana kunatosha kuwa kosa, hata bila kuthibitisha kuna mtu aliuchukua. Kesi ikarudiwa 2009, likatoka lile pigo la 1,920,000. Jaji akalipunguza hadi 54,000, kampuni zikakataa. Mara ya tatu, Novemba 2010: 1,500,000. Jaji akapunguza tena hadi 54,000. Septemba 2012 mahakama ya rufaa ikarudisha ile 222,000 ya mwanzo, na 2013 Mahakama Kuu Kabisa ikakataa kusikiliza.

Angalia vizuri hizo namba. Kosa ni lilelile, nyimbo zilezile 24, sheria ileile. Majopo matatu yakatoa dola 9,250, 80,000 na 62,500 kwa wimbo. Kwenye maabara, chombo kinachotoa vipimo vitatu vilivyoachana namna hiyo kwa kitu kimoja tungekirudisha dukani.

Ya pili itawagusa wanafunzi wenzetu: mdaiwa alikuwa anasoma shahada ya uzamivu ya fizikia Boston University. Alitetewa na Charles Nesson, profesa wa sheria wa Harvard, aliyetaka kuonyesha kwamba kugawana muziki bila biashara ni matumizi halali. Jaji Nancy Gertner hakuikubali hoja hiyo. Mdaiwa akakiri kizimbani kwamba alipakua na kugawa. Julai 2009: nyimbo 30, dola 675,000. Jaji Gertner akaona kiasi hicho kinavunja katiba, akakishusha hadi 67,500. Mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi wake, na mwishowe, 2013, dola 675,000 zikabaki palepale.

Je, ilisaidia?

Hapa ndipo swali linapokuwa la kisayansi. Mwishoni mwa 2003 utafiti wa Pew ulionyesha kwamba Wamarekani wa mtandaoni waliosema wanapakua muziki wameshuka kutoka asilimia 29 hadi 14. Ushindi? Ngoja kwanza. Umesikia majirani wanashtakiwa, halafu mtu usiyemjua anakupigia simu kukuuliza kama na wewe unapakua. Utamjibu ukweli? Sehemu ya kushuka huko inaweza kuwa ya kweli, na sehemu ni watu kuficha. Vipimo vya baadaye vikaonyesha namba inapanda tena.

Na upakuaji wenyewe ulileta hasara kiasi gani? Wanauchumi hawakuelewana. Felix Oberholzer-Gee na Koleman Strumpf, katika makala ya 2007, walitumia ujanja mzuri: likizo za shule za Ujerumani. Wanafunzi wa Ujerumani wakiwa nyumbani, mafaili mengi zaidi yanapatikana mtandaoni, na likizo hizo hazina uhusiano na ubora wa albamu inayouzwa Marekani. Wakaona athari kwa mauzo haitofautiani na sifuri. Stan Liebowitz alizipinga mbinu zao vikali. Rafael Rob na Joel Waldfogel, wakiwauliza wanafunzi wa vyuo, waliona upakuaji unapunguza manunuzi. Tafiti nyingi zimeegemea upande wa kwamba hasara ilikuwepo. Ukubwa wake ndio wa kubishania.

Kisichobishaniwa ni hiki: mapato ya muziki uliorekodiwa Marekani yalikuwa dola bilioni 14.6 mwaka 1999, na kufikia 2014 yalikuwa chini ya nusu. Kesi hazikuzuia mteremko. Desemba 2008 RIAA wakatangaza kuacha kushtaki watu kwa wingi.

Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yanatokea pembeni. Aprili 2003, zaidi ya miezi minne kabla ya zile kesi 261, Apple walifungua duka la iTunes: wimbo mmoja senti 99, na wiki ya kwanza tu ziliuzwa nyimbo milioni moja. Oktoba 2008 Spotify ikafunguliwa Sweden. Watu wengi waliorudi kulipa walirudi kwa sababu kulipa kulikuwa rahisi kuliko kupekua Kazaa iliyojaa virusi. Kama huduma hizo zinamlipa msanii ipasavyo, hilo ni jambo la siku nyingine, na si dogo.

Sisi je?

Mwaka uleule wa 1999, Tanzania ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Sisi tumepitia kaseti za kurudufu, CD za kuchoma, na kile kibanda cha kukuwekea nyimbo mia kwenye memori kadi kwa pesa ya soda. Wasanii wetu wanaumia kweli, tena wengi hawana lebo tajiri nyuma yao. Kwa hiyo ile hamu ya "tuwakamate wanaopakua" inaeleweka kabisa.

Ila ukiisikia, uliza maswali matatu ambayo historia hii imetuachia. Moja: ushahidi unamwonyesha mtu, au unaonyesha akaunti tu? Pale ambapo nyumba nzima inatumia simu moja kama modemu, tofauti hiyo ni kubwa. Mbili: adhabu imepimwa kwa kosa la mfanyabiashara au la msikilizaji? Tatu: pesa ikipatikana, inafika kwa nani? Katika kesi za Marekani wadai walikuwa kampuni za kurekodi. Aliyeimba hakuwa kizimbani wala upande wa madai.

Sheria isiyo na majibu ya maswali hayo itawakamata wengi na kumsaidia msanii kidogo. Marekani walitumia miaka mitano na watu 35,000 kuliona hilo. Sisi tunaweza kulisoma tu.